Mwoga wa Gereji ya Baba

Miaka ya vita baba alikuwa na gereji Buyenzi, na aliamini kwamba mkubwa wa kazi, shefu kama tulivyomwita, lazima awe shujaa. Kwa hiyo alimweka mdogo wake, mtu asiyejua kuogopa wala, kwa bahati mbaya, kufikiri. Baba mdogo akimaliza kutengeneza gari, alilijaribu kwa kulipeleka Kanyosha, kule kule risasi zilikokuwa zikilia, ili watu wajue gereji yetu haitishiki. Siku moja gari la mwalimu mmoja lilirudi na tundu mlangoni. Baba mdogo alimwambia mwenye gari kwamba sasa atapata hewa hata akifunga vioo.

Wateja wakahama. Baba akaanza kusema habari za kufunga gereji, na nyumbani maharage yakazidi kuwa mchuzi.

Mama ndiye aliyemtaja kaka yake. Baba alicheka hadi chai ikampalia. Mjomba alikuwa fundi, sawa, lakini Buyenzi nzima ilimjua kwa woga: tairi likipasuka mtaa wa pili, yeye yuko chini ya gari. Mama akamkumbusha kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na sufuria yake imechoka kulia. Baba akakubali kwa hasira, Mjomba akawa shefu mahali pa baba mdogo.

Kumbe Mjomba akishaingia chini ya gari hakai bure. Alitetemeka huku akikagua. Siku za milio mingi, magari yalitoka bila nati hata moja iliyolegea. Akiona wauza samaki wanarudi makwao mapema, alifunga gereji hata kama jua liko utosini. Wateja wakarudi, na yule mwalimu pia.

Mchana mmoja nilikuwa nimepeleka chai, milio ikaanza karibu kabisa. Baba aliona aibu kukimbia mbele ya mafundi, akasimama mlangoni kifua mbele. Mlio wa pili ulimkuta chini ya teksi, kati yangu na Mjomba. Niliogopa sana, na bado nilitaka kucheka. Mjomba alikuwa anakaza kitu.

"Shemeji," akasema, "kuogopa si zambi. Kuogopa huku mikono imekaa bure ndiyo hasara. Shika hii kle, kaza hapo."

Baba akapokea spana, akakaza.

Jioni alirudi na grisi hadi kwenye ndevu. Mama akamuuliza habari za gereji.

"Shefu amenipa kazi," akasema.