Kura ya Tamsin

Kila asubuhi, kabla ya kugusa mkate, Abel Purnell alifungua kabati la vyombo, akafuta vidole kwenye aproni yake ya ngozi, kisha akasoma kwa sauti mstari mmoja wa hotuba iliyobandikwa kwa ndani ya mlango. Mstari mmoja tu. Akifika mwisho wa hotuba, kesho yake alianza upya. Kwa miaka sita Tamsin, mkewe, alisimama na jagi la bia nyepesi mkononi, akingoja mstari uishe ndipo ammiminie.

Hotuba ilikuwa ya mbunge wao. Aliitoa siku aliyotangazwa mshindi, siku ambayo wabunge wengine huahidi kila kitu kwa kila mtu. Yeye aliwaambia watu wa Bristol usoni kwamba wamemchagua awafikirie, si awatii. Akili yake ndiyo aliyokuwa anawapa, na siku atakayoikunja ili kuwafurahisha, atakuwa amewasaliti. Abel, fundi mapipa asiyesoma sana, aliyasikia maneno hayo akiwa amebanwa katikati ya umati, na tangu hapo hakuwa na mtakatifu mwingine.

Kura yenyewe aliipata kwa Tamsin. Ndivyo mji ulivyokuwa: binti wa mtu mwenye haki ya mji hakupiga kura, ila aliyemwoa aliipata haki ile. Mzee Pobjoy, baba yake Tamsin, alikuwa nayo. Abel alikuwa kibarua katika karakana yake. Wiki ya uchaguzi mabinti waliolewa kwa mafungu, na kasisi hakupata nafasi hata ya kufunga kitabu. Tamsin aliolewa asubuhi. Mchana Abel alipanda jukwaani kupiga kura, akalitaja jina la mtu wake mbele ya kila mwenye masikio.

Uchaguzi ulipokwisha, wanaume kadhaa waliooa kwa ajili ya kura tu waliwapeleka wake zao makaburini. Walipeana mikono juu ya kaburi la yeyote, wakasema kifo kimewatenganisha, kila mmoja akashika njia yake. Abel hakwenda. Juu ya jambo hilo moja Tamsin aliijenga ndoa yake.

Aliihitaji nguzo hiyo. Abel alipouza kitanda cha kufumia nguo ambacho Tamsin aliachiwa na mama yake, hakumuuliza. Tamsin aliponung'unika, alimjibu kwa upole kabisa: "Mke wangu, ulishanichagua. Sasa niache nifikiri kwa ajili ya nyumba nzima."

Tamsin hakukumbuka kuchagua.

Septemba hii mbunge alirudi kuomba tena kura. Wafanyabiashara walikuwa wamemchoka, kwa kuwa alitaka bidhaa za nchi jirani ziingie bila kubanwa. Tamsin alikuwa bombani akijaza ndoo wakati Keziah Gummer, mjane wa nyumba ya pili, alipomletea habari.

"Mtu wenu amejitoa, mwanangu. Kaona nyuso za watu, kafunga mzigo."

"Abel ataumia sana."

"Aumie nini? Si alitaka mbunge asiyesikiliza watu? Basi na watu nao wameacha kumsikiliza."

"Usimcheke, mama Keziah."

"Nicheke nini na mimi nina wangu nyumbani? Binti yangu aliachwa juu ya kaburi la muuza samaki. Mpaka leo nikimkasirikia namwambia ananuka."

"Mimi Abel hakunipeleka huko."

Keziah aliinua ndoo yake. "Hakukupeleka, kweli. Ulishamuuliza kwa nini?"

Hakuwahi.

Alipofika nyumbani alimkuta Abel amekaa kwenye benchi mchana kweupe, nyundo miguuni, analia. Hakulia hivyo siku waliyomzika mtoto wao. Siku ile alisema mtu mzima hujitawala.

"Wamemtupa kwa sababu aliwaambia ukweli," alisema. "Alijua watamtupa, na bado akasema. Mtu kama huyo hatutampata tena, Tamsin."

"Hata jina lako halijui."

"Asilijue. Mimi lake nalijua."

Tamsin aliweka ndoo chini. Alifungua kabati, akaitazama karatasi iliyoanza kuwa rangi ya chai.

"Mume wangu, nikikuuliza neno moja, utanijibu kama yeye? Usinijibu kwa kunifurahisha."

Abel alijifuta uso. Hata katika huzuni ile, ombi lile lilimpa fahari, akakaa wima.

"Nitakujibu kama yeye."

"Wenzako walipokwenda makaburini, mbona wewe hukunipeleka?"

Alifikiri. Tamsin alimwona akifikiri kwa uaminifu wote, kama mtu anayekagua pipa asije akaacha ufa.

"Baba yako alikuwa anakohoa damu," alisema, "na karakana haikuwa na mrithi."