Tone Lisiloshuka Kooni

Ndugu zangu, mimi ni mkulima wa Mzenga, Kisarawe. Kabla ya kuumwa nilikuwa najivunia macho yangu, kofia nadarizi mwenyewe na uzi natunga bila miwani.

Karibu na Ramadhani nilikuwa napepeta mpunga, kapi likaniingia jicho la kulia. Nikalifikicha. Kesho yake lilivimba, likatoa usaha, na mwanga ukawa unachoma. Binti yangu Zuhura akanichukua nikakae kwake Mbwawa, akanipeleka Kibaha kwa daktari wa macho. Daktari akasema kuna kidonda kwenye kioo cha jicho, akanipa dawa ya kutia kila saa.

Mfungo ukaanza. Nilipotia tone, nikasikia uchungu kooni, nikaona funga yangu inaharibika. Basi mchana nikaacha. Zuhura akirudi kazini akiuliza, namwambia nimetia. Shehe wa pale alishasema dawa ya jicho haifunguzi saumu, tena mgonjwa ana ruhusa, lakini mimi ni mkaidi. Siku ya tano doa jeupe lilitanda, jicho lile likawa halioni hata vidole vyangu.

Zuhura akanirudisha Kibaha. Daktari akalitazama jicho. "Mama, niambie kweli. Mchana unatia?"

Nikalia, nikasema yote mbele ya Zuhura.

Hakunigombeza. Alinieleza kuwa machozi huisukuma dawa ikashukia kooni, ndiyo maana hutiwa mara nyingi. Lakini kulikuwa na watafiti wanaojaribu tone jipya. Linaingia likiwa maji, likipata joto la jicho linaganda kama ute, kisha linaachia dawa polepole. Mara mbili tu kwa siku. Nikasomewa karatasi ya ridhaa, nikakubali.

Waliponitia nikangoja uchungu. Haukuja. Subhanallah, tone dogo vile limekaa jichoni mwangu linafanya kazi kutwa nzima, nami sina habari! Nilishangaa, na mpaka leo nashangaa.

Nikawa natia wakati wa daku na baada ya futari. Usaha ukakauka. Siku ya Idi Zuhura alininyooshea mkono, nikaiona hina yake, ua kwa ua. Kovu dogo limebaki.

Namshukuru Mungu, na wote waliolihangaikia tone lile. Nanyi mkiambiwa kila saa, tieni kila saa, maana dawa ya majaribio si kila mtu ataikuta. Funga yangu haikuharibiwa na dawa. Niliiharibu mwenyewe, kila nilipomwambia mwanangu kuwa nimetia.