Moshi wa Niall Gillespie

Kisiwani Islay, huko Uskoti, jina la ukoo halimsaidii mtu sana, maana akina Gillespie ni wengi. Niall Gillespie aliitwa Niall wa Moshi, na ukimtafuta kwa jina jingine ungezunguka kijiji kizima bila kuonyeshwa mlango wake. Alifariki mwezi wa tatu, kitini kwake, baada ya chai, kikombe kikiwa kimerudishwa vizuri kwenye sahani. Binti yake Effie, ambaye aliishi naye, alifungua kabati kumtolea suti ya kanisani. Harufu ya moshi wa mboji ikamjia usoni. Baba yake alikuwa amestaafu miaka kadhaa, na suti ile haikuwahi kwenda kazini hata siku moja, lakini moshi ulikuwamo.

Moshi huo ndio uliokuwa kazi yake. Baridi ikipungua aliingia kinamasini na jembe refu jembamba, akaikata mboji, ule udongo mweusi wa mimea iliyooza, vipande vipande kama matofali, akavipanga upepo uvikaushe mpaka viwe kuni. Msimu wa kazi ukifika alivichoma kwenye tanuri la kiwanda cha wiski cha Lagandubh, chini ya sakafu yenye matundu iliyotandazwa kimea cha shayiri, kikauke na kushika moshi unaoipa wiski ladha. Watu hudhani kazi ya mwenye tanuri ni kuwasha moto. Niall alisema kazi yake ni kuuzuia usiwake. Ukipanda, kimea kinaungua. Ukizimika, moshi hakuna. Aliishi katikati ya hayo mawili, macho mekundu, akiulisha moto kwa mkono vipande alivyoviacha na unyevu kidogo ili vitoe moshi, taratibu, kama anayemlisha mtoto mgonjwa.

Effie alipokuwa shuleni watoto walimwita samaki wa kukaushwa, kwa sababu ya nguo zake. Siku moja alirudi analia. Baba yake alitaka kujua kwanza ni samaki gani waliyemtaja.

"Kesho waambie wewe ni samoni," alimwambia. "Wakikutania, wakutanie kwa samaki wa maana."

Alikuwa pia mzee wa kanisa, na hakukubali tanuri liwake Jumapili. Meneja wa wakati ule alimweleza kwamba kiwanda hakiwezi kusubiri kanisa. Niall alivua kofia, akajibu kwa adabu kwamba Lagandubh ina mabwana wengi, lakini Jumapili ina mmoja tu. Tangu hapo kazi ya tanuri ikapangwa kumfuata yeye.

Jumamosi jioni, moto ukiwa umekufa, alijimiminia wiski kidogo kwenye bilauri, akainamisha kichwa akashukuru, akatia tone la maji, akanusa muda mrefu kuliko alivyokunywa. Haikuwa wiski ya kujivunia mbele ya wageni. Ilikuwa chupa ya dukani yenye lebo ya kijani, ya bei ya chini kuliko zote za kimea kitupu, bila nafaka nyingine, kwenye rafu ile. Lebo haikutaja kiwanda. Lakini kisiwani hakuna aliyedanganyika: Lagandubh ikizidiwa na mapipa ya wiski changa, huyauza kwa mfanyabiashara wa bara kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe.

Siku moja kabla ya mazishi mdogo wa kiume wa Effie, Ailig, alishuka kwenye kivuko akitokea Glasgow anakofanya kazi benki. Alikuwa amelia njiani, macho yalimsema. Aliikuta chupa ya lebo ya kijani mezani jikoni, akaisukuma nyuma ya kopo la unga.

"Dada, kesho Bi Rankin atakuja. Meneja wa kiwanda mwenyewe. Tutamwekea hii mkononi?"

Hata Effie alikuwa akiliwaza hilo tangu asubuhi. Kwao, jeneza likishashushwa kwa kamba na zaburi ikaimbwa, jamaa hupitisha wiski na jibini palepale makaburini. Siku hiyo mwenyeji ni marehemu. Ni mara ya mwisho anawakaribisha watu, na kilichopitishwa husemwa kijijini miaka na miaka.

Na chupa ya heshima ilikuwepo. Kiwanda kilimpa Niall siku ya kumuaga alipostaafu, wiski ya miaka thelathini ndani ya sanduku la mbao. Bi Rankin alikuwa amepiga simu, kwa moyo mwema kabisa, akaahidi kuleta nyingine za namna hiyo zitoshe watu wote. Jambo lilikuwa kama limekwisha. Ila Effie alikumbuka kwamba baba yake hakuwahi kulifungua sanduku lile, hata Krismasi. Aliogopa kumzika kama fukara. Aliogopa vilevile kumzika kama mtu mwingine.

Mchana akaja Mzee Tormod Currie, aliyefanya kazi na marehemu tanurini, kupanga nani atashika kamba ipi. Effie akamuuliza yeye angepitisha ipi. Mzee alikataa kusema.

"Nikisema mimi, kesho utakuwa unamimina wiski ya Tormod. Onja mwenyewe."

"Mimi sinywi, mzee wangu. Unajua."

"Sijakwambia unywe, binti. Nimekwambia uonje. Kunywa tuachie sisi tuliojaliwa."

Ailig akafungua sanduku, akamimina. Ile ya miaka thelathini ilikuwa na rangi ya asali. Effie alijiandaa kama anayemeza dawa, na badala yake akakuta tofaa lililopikwa, zabibu kavu, mbao za viti vya kanisani zilizopakwa nta. Moshi ulikuwepo, lakini kwa mbali, kama wa nyumba iliyo ng'ambo ya ghuba. Alikiri kwamba ni nzuri. Ailig akaitikia kwa kichwa akimaanisha, si nilikwambia.

Ile ya lebo ya kijani ilikuwa nyeupe karibu kama maji. Ilimchoma ulimi, akakohoa hadi machozi. Mzee Tormod akayatazama madirisha kwa heshima mpaka amalize, kisha akamwambia atie tone la maji kama baba yake. Akatia. Safari hii ilikuja chumvi, ganda la limau, shayiri mbichi. Halafu moshi ukapanda, mzito, wenye unyevu, ukaingia puani ukitokea ndani. Effie akavuta kiti. Ghafla alikuwa tena na miaka sita, amelala begani kwa baba yake wakitoka ibada ya jioni, pua imezama kwenye ukosi wake.

"Ile ya miaka thelathini," aliuliza baadaye, "moshi wake umekwenda wapi?"

"Pipa limeunywa," alisema Mzee Tormod. "Ikizeeka inakuwa ya pipa. Ikiwa changa bado ni ya tanuri. Na hii hapa, hesabu mwenyewe, ni ya misimu ya mwisho ya baba yako."

Ailig alionja naye. Alikaa na bilauri ile mkononi, hakuitua.

"Watu watasema tumembania baba."

"Waseme," alijibu Effie, "wakiwa wananusa."

Akaenda kwenye simu, akamshukuru Bi Rankin na kumwomba asilete kitu.

Kesho yake upepo ulikuwa mkali makaburini, watu wameshika kofia. Jeneza likashuka sawasawa. Zaburi ikaimbwa kwa Kigaeli, lugha ya kisiwani, kiongozi akitoa mstari, wengine wakiufuata kila mmoja kwa mwendo wake, na Effie alimwambia Mungu asante kwa mzee huyu kabla hajamwomba faraja. Kisha akabeba sinia la jibini na mikate mikavu ya oti, Ailig akabeba chupa na vikombe vidogo. Effie aliona kiganja cha mdogo wake kimefunika lebo.

Bi Rankin alikuwa wa kwanza. Alipokea, akanusa, akanusa tena.

"Ni ipi hii, Ailig?"

Waliokuwa karibu wakageuza vichwa. Sinia likawa zito mikononi mwa Effie. Ailig alimtazama meneja, akalitazama kaburi, kisha akahamisha kiganja.

"Ya dukani, Bi Rankin. Ya bei ya chini. Jina la kiwanda chenu halimo, lakini moshi ni wa baba yetu."

Bi Rankin akanywa yote kwa mkupuo mmoja, akajifuta jicho kwa glavu.

"Basi niongeze," alisema.

Watu wakacheka kwa sauti ya chini, kicheko cha makaburini. Mchungaji, ambaye hanywi, alikiomba kikombe akinuse tu, akafumba macho, akakirudisha. Ailig akaendelea kuufuata mstari wa watu, chupa ameishika kwa shingo, lebo ya kijani nje. Mstari ulikuwa mrefu, na kila alipofika hakungoja kuulizwa ni ipi.