Kago la Mnazi wa Jirani

Ko, ko, ko. Mlio huo ninao masikioni mpaka leo. Asubuhi hii nilikuwa nimempakata mwanangu, naye kashika upawa, akawa anaugonga kwenye vifungo vya gauni langu. Nilishtuka hata chai ikanimwagikia mkononi. Upawa nao ni kifuu tu kilichotiwa mpini, na sauti ya kifuu kikigonga vifungo niliijua zamani, nikisoma skuli kwetu Munje, wakati picha ya Mfalme ingali ukutani.

Skuli yenyewe ilikuwa banda la makuti, wazi pande tatu, na upepo ukituletea harufu ya makumbi ya nazi yaliyofukiwa pwani yalainike, yapigwe, yasukwe kamba. Sisi harufu ile hatukuisikia tena. Mwalimu wetu aliisikia kila siku. Alikuwa kijana wa kutoka bara, mpole, akijifuta pua kwa leso huku akifundisha, na nilimpenda kwa sababu hakupenda fimbo. Nilikuwa na ndoto kwamba siku moja nami nitasimama mbele ya ubao nikiwa na leso kama ile.

Kilichotushinda ni vile vineno vidogo vya Kiingereza, "a" na "the". Kwetu mnazi ni mnazi, hauhitaji kutanguliwa na mtu wa kubisha hodi. Mwalimu akatueleza kwa subira. Kitu ukikutana nacho mara ya kwanza ni mgeni, mwite "a". Mkishajuana, au kama ni kimoja tu na kila mtu anakijua, kama jua, mpe "the". Tuliimba vizuri sana sote pamoja. Lakini ukiinuliwa usimulie peke yako, vineno vilikukimbia kama kaa mchangani.

Basi akatafuta cha kutukumbusha. Asubuhi moja aliingia na kifuu kilichofungwa kitambaa chekundu na uzi mweusi, ndani yake kijiwe. Akasema, huku akicheka, kwamba atakayesahau kineno atakivaa kifuu shingoni mpaka amsikie mwenzake akisahau, ainue mkono, amvishe yeye. Atakayekutwa nacho kengele ikilia ataenda nacho kwao, akirudishe kesho. Alikiona njiani, akasema, kimening'inia kwenye mnazi, hakina kazi.

Hakuna aliyecheka. Kila mtoto mle bandani alikijua kifuu kile. Lilikuwa kago la mzee jirani yetu, alilolifunga mnazini ili wezi wasichume nazi zake, na tulikuwa tumeambiwa tangu kunyonya kwamba anayelitia mkono huvimba. Bibi yangu alikuwa akisema, "Kago halijui mtoto wala mgeni." Tulikuwa tukipita pale kwa mbio, macho chini. Sasa limeletwa darasani, limewekwa mezani karibu na chaki.

Utaniuliza mbona hatukumwambia. Mwalimu habishiwi, na kwa hofu ile ningempa Kiingereza gani, ndani ya kipindi ambacho Kiswahili kimekatazwa? Wa kwanza kuvishwa alikuwa mtoto wa fundi cherahani, mkubwa wetu, mtani wetu sote. Alilia bila sauti, machozi yakimdondokea kwenye kitambaa chekundu. Kila aliyekwenda nacho alikificha njiani, kwao wasikione. Baadaye wiki ile mwalimu alikuja shavu limevimba upande mmoja. Akasema ni jino. Sisi tukatazamana.

"Limeanza," akaninong'oneza rafiki yangu wa deski moja, ambaye alikuwa mdogo kuliko mimi na kila kitu kilimtisha.

Siku hiyohiyo zamu ikanifika. Niliinuliwa niseme habari za kwetu, nikasema jua ni kali, na jua likanitoka bila "the" yake. Mwalimu akakitwaa mezani, akanivika mwenyewe, taratibu, shavu lake karibu na uso wangu, na nikaona namna jicho lake lilivyobanwa na uvimbe. Ko, ko, ko, kikagonga vifungo vya gauni langu kila nikivuta pumzi. Kisha akainuliwa rafiki yangu, akasema ana yai, akasahau "an". Nililisikia kosa lile waziwazi. Kuinua mkono tu, na ningekuwa huru. Akanigeukia, macho kwenye kifuu. Nikaukalia mkono wangu. Kengele ikalia.

Njiani wavulana walinifuata kwa mbali, nisipate pa kukificha, wakinitania kwamba kesho tumbo langu litavimba lipigwe kama ngoma. Nilipofika nyumbani, bibi alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Nikamwamkia shikamoo. Akakiona kifuu shingoni.

"Simama hapohapo. Usivuke kizingiti. Nani kakuvika hilo?"

"Mwalimu, bibi. Alilitoa mnazini kwa jirani. Hajui."

Bibi aliacha kukuna. Akasema skuli nisahau mpaka kago lirudi lilikotoka, tena huenda nisahau kabisa, kwani hakumleta mjukuu duniani aje avimbe kwa ajili ya Kiingereza. Arudishe aliyechukua. Nikamwambia mwalimu atacheka tu, na shavu lake limeshavimba. Nikaanza kulia, kwa ajili yangu na kwa ajili yake.

Bibi akafikiri. "Basi alirudishe na kumwombea msamaha mtu ambaye hajapata kula nazi ya mnazi ule. Na aende peke yake."

"Mimi sijala, bibi."

Alijifuta nazi iliyomganda vidoleni. "Kama ni uongo, mwanangu, usiende."

Siku hizi pale pana ukuta wa nyumba ya Mzungu, na mnazi ulikatwa ili aione bahari. Skuli imeezekwa mabati, picha ni ya Malkia, na bibi amelala kaburini. Mwalimu alihamishwa. Shavu lake lilinywea, naye akasema ni dawa ya dispensari, sikumbishia. Aliponiuliza kifuu nilimwambia kimerudi kwao, akanitazama, akatikisa kichwa, hakukitaja tena. Mimi niliendelea kusoma, si sana, ila ya kuniwezesha kuandika haya. Watoto wa sasa hawaogopi mnazi wowote. Nawafurahia, ila hofu ile ilitufunza kwamba kila mti una mwenyewe, na sijui wao watafunzwa na nini.

Lakini jioni ile mnazi ulikuwepo. Nilipita katikati ya mihogo, na kila hatua kifuu kikinigonga kifuani. Sikukimbia, nisije nikaanguka nacho. Nilipofika nikakivua, nikakitafutia pale kamba ilipoacha alama, nikakifunga. Fundo lilikataa mara nyingi. Nikasema, "Msamehe mwalimu. Ni mgeni, hakujua." Hakikutikisika kitu. Ndipo, sijui kwa nini, nikaweka kiganja kwenye gome lililokuwa bado na joto la mchana, nikauambia taratibu, "the coconut tree", maana sasa tulikuwa tumeshajuana. Kisha nikalikaza fundo.