Vijidudu vilivyotuonyesha maji mabaya Kabazi

Wakuu, sasa?

Hii sikusimuliwa. Nilikuwa hapo, na mwenye kosa nitamtaja.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Olenguruone nilichuma chai, halafu Ndabibi nikambebea mtafiti mmoja chupa za maji. Hiyo kazi bado naimiss.

Alinifundisha hivi: loweka nyasi kavu kwa maji ya mto siku chache. Utapata vijidudu vinavyoogelea, vidogo kama vumbi. Changanya tone lao na maji unayoshuku, uangalie kwa microscope. Vikiogelea kawaida, sawa. Vikizunguka pahali pamoja ama visimame, kuna sumu.

(Haionyeshi typhoid, so bado chemsha maji.)

Nikiondoka alinipa microscope yake ya zamani.

Mwaka jana nikarudi home Kabazi. Dada yangu, Mama Shiru, alikuwa amepoteza ndama wawili, na ng'ombe yake ya mwisho ilikuwa inatetemeka. Alilaumu jirani, Mzee Kamau, anayepiga viazi dawa juu ya chemchemi yetu. Jumatatu wangeenda kwa chifu.

Nikasema tupime kwanza. Mzee akaitwa.

Tukaanza na chemchemi. Mama Shiru akachungulia, akaruka.

"Ona wadudu! Mzee, hii ndiyo unatunywesha?"

"Hao ni wangu, nimeweka mimi," nikamwambia. "Shida ni wakikufa."

Mzee akacheka. "Mama Shiru, hata wadudu wa huyu wana afya kuliko ng'ombe yako."

Maji ya chemchemi yakapita, na ya tangi la nyumbani pia.

Tukapima maji ya drum ambayo ng'ombe hunywea. Vijidudu vikazunguka kama vimelewa, halafu kimya. Tukarudia mara tatu. Kimya.

Wakuu, hiyo drum nilileta mimi, safari iliyotangulia. Nilipewa bure kwa shamba moja la maua, nikaiosha na sabuni, nikaleta kama zawadi. Sikuuliza kama ilibeba dawa.

Mzee akachukua panga akaitoboa, mtu asiitumie tena, kisha akaleta maji kwa ndoo yake.

Daktari wa mifugo alikuja, na ng'ombe ikapona. Kwa chifu hakuna aliyeenda. Mimi, ambaye sikai pahali, ndiye namkatia Mama Shiru nyasi za ng'ombe hadi leo.

Nilichojifunza: kabla ulaumu wa juu ya mto, pima chombo chako.

Nani hapa bado anawekea mifugo maji kwa drum ya dawa? Sema ukweli. Mimi sina wa kumcheka.