Wimbo wa Marehemu Nesi

Nilikuwa nasubiri majibu ya malaria kwenye zahanati ya kijiji chetu, Mtunda. Chumba cha pili mjamzito alikuwa analia. "Siwezi kusukuma. Imba kwanza."

"Niimbe nini?" akauliza nesi mgeni.

"Ule wa kanisani. Marehemu alikuwa akituimbia."

"Mimi Mwislamu, mdogo wangu. Siujui."

Marehemu nesi wetu, mama wa watoto wanne na mwanakwaya, alizalisha kijiji hiki akiimba. Tulimzika juzi.

Mama wa mjamzito, niliyeketi naye benchi moja, ambaye naye alizalishwa na marehemu, akavuta ushungi, akasimama mlangoni, akauimba wimbo wote bila kukosea. Kichanga kikalia.

Mama yule akanigeukia. "Kaka, mume wangu ndiye imamu. Hujasikia kitu."

Nathibitisha hapa gazetini: sikusikia kitu.