Gome Alilokunywa Mama

Mama ndiye aliyenipa gome la kwanza. Nilikuwa nimeanza utafiti wa shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Kabianga, nikitafuta mimea ya kwetu inayoweza kusaidia dhidi ya saratani ya matiti, naye alikuwa katika mwaka wa pili tangu akatwe titi la kushoto. Alishuka mtoni chini ya shamba letu la majani chai, karibu na Merigi, akabandua gome la mti ambao nyanya alizoea kuwachemshia wanawake waliojifungua. Aliniletea ndani ya mfuko wa unga, akaniambia nijaribu na hilo.

Nilijaribu. Kwenye sahani zetu ndogo za maabara, seli za saratani zilikufa. Nilimpigia mama simu siku hiyo hiyo, nikasimulia kama mtoto aliyepita mtihani. Sikumwambia kwamba hata sabuni huua seli zilizo kwenye sahani.

Miezi kadhaa baadaye nilifika sehemu ya pili ya kazi, kuangalia kama gome linapatana na dawa za hospitali. Nililipima pamoja na aina ya kidonge ambacho mama alikuwa akimeza kila asubuhi ili saratani isirudi. Kidonge hicho hakifanyi kazi vizuri mpaka ini likibadilishe, na maji ya gome yalizuia mabadiliko hayo. Nilirudia mara tatu. Jibu lilikuwa lile lile.

Jumamosi nilienda nyumbani. Jikoni nilikuta sufuria ya maji mekundu ikichemka. Mama alisema amekuwa akinywa kikombe asubuhi na kingine jioni tangu ile simu yangu, na kwamba nguvu zimemrudia. Nilikaa kwenye kigoda. Mhadhiri aliyenisimamia alikuwa amenionya kwamba jaribio la maabara si mwili wa mtu, na kwamba matokeo hayatoki nje kabla hayajakaguliwa. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonibana. Nikisema, namtisha mama kwa jambo nisilo na hakika nalo. Nikinyamaza, huenda anameza kidonge bure.

Jioni, kabla sijaondoka, nilimwambia tu kwamba vitu hivyo viwili havipatani, asivitumie pamoja. Alifikiri kidogo, akasema amesikia.

Niliporudi baada ya wiki mbili, pakiti ya vidonge ilikuwa bado imejaa.

"Ulisema nisivitumie pamoja, kwa hivyo nilichagua," alisema. "Vidonge vinanichoma mwili mzima. Hili gome umeliona wewe mwenyewe likiua ugonjwa."

Kila neno alilonijibu nalo lilikuwa limetoka kwangu. Nilitoka nje nikampigia mhadhiri, nikamwambia nampeleka mama kliniki na nitamweleza daktari nilichokiona. Alisema niseme ninachojua tu, nisiongeze.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Alimwambia mama kwamba hakuna anayejua gome hilo linafanya nini mwilini, aliache, arudie vidonge, naye atamsaidia na lile joto la vidonge linalomchoma. Mama aliitikia kwa kichwa. Kisha akanigeukia.

"Ile Jumamosi ulikuwa unajua?"

Nilisema ndiyo.

Amerudia vidonge, na hadi sasa vipimo vyake havijaonyesha kitu kipya. Habari za utafiti wangu haniulizi tena. Mimi bado nasaga lile gome kila wiki, kwa sababu ndilo utafiti wangu, na siwezi kulibadilisha sasa.

Mwezi uliopita tulikuwa tukitoka kliniki tena. Mama alisimama kando ya barabara, akaniambia jirani yetu wa ng'ambo ya mto naye amepatikana na ugonjwa huo. Anakunywa gome. Mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha kulichemsha, na kumwambia kwamba mimi, binti yake, nimelithibitisha chuoni.

"Nitamwambia nini?" aliuliza.

Nilimwambia tutapita kwake kabla ya kufika nyumbani. Alitangulia mbele, bila kuniangalia.